Alama Kabla ya Kufungua

Kwenye dashibodi ya Toyota Hilux za dizeli kuna taa ndogo yenye maandishi T-BELT. Muda mwingi imezima, na wapo wanaoendesha gari miaka mitano bila kujua kama ipo. Kilomita zikifika 100,000 inawaka yenyewe. Gari halijaharibika. Linawaka asubuhi kama kawaida, linapanda kilima cha Mwanga bila kulalamika, na ukifungua boneti huoni kitu cha kukutia wasiwasi. Kiwanda kimepiga hesabu tu kwamba mkanda wa mpira ulio mbele ya injini, ndani ya kifuniko chake, umezunguka vya kutosha.

Ukiwa Dar es Salaam, taa hiyo ni kazi ya Jumamosi moja. Unakwenda Gerezani, unanunua mkanda, unamkabidhi fundi, mnakunywa soda, unaondoka. Kigoma hesabu ni nyingine. Reli kutoka Dar es Salaam hadi stesheni ya Kigoma ni takriban kilomita 1,250, na ndipo inapoishia; mbele ni maji, na ng'ambo ya maji ni Kongo. Mkanda utafika kwa basi, umefungwa kwenye boksi lenye namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu nene. Zana maalumu za kuufunga hazitafika.

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu vyombo vya majini vya Ziwa Tanganyika. Nilikwenda Kigoma kwa ajili ya meli. Lakini mengi ninayoelewa leo kuhusu meli hizo nilianza kuyaelewa uani kwa fundi mmoja wa Gungu, ambaye gereji yake ni mwembe, mkeka na ndoo tatu za bolti. Ndiyo maana makala haya yanaanza na mkanda.

Injini ya gari ina mihimili miwili inayopaswa kukubaliana. Krenki, iliyo chini, inapandisha na kushusha pistoni. Kamshafti, iliyo juu, inafungua na kufunga valvu zinazoingiza hewa na kutoa moshi. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja, kila siku, kwa mwendo wowote, bila kupishana hata kidogo. Kinachozilazimisha zikubaliane ni mkanda wenye meno upande wa ndani. Kwenye injini za dizeli kama 3L ya Hilux, mkanda huohuo unazungusha pia pampu ya dizeli, ili mafuta yapulizwe ndani ya silinda kwa wakati wake.

Jino moja likiruka, gari linawaka kwa shida, linatoa moshi, halina nguvu. Mkanda wenyewe ukikatika, inategemea ni injini gani. Corolla yenye injini ya 5A itazima tu barabarani. Utaivuta, utafunga mkanda mpya, utaendelea na maisha. Injini ya dizeli haina huruma hiyo. Pistoni zake hupanda karibu sana na hedi, na valvu ikikutwa imening'inia chini pistoni inaigonga. Ndani ya sekunde moja unakuwa na valvu zilizopinda, na gari ambalo jana lilikuwa linabeba dagaa kutoka Kibirizi linakuwa banda la kuku.

Kitabu cha ufundi cha Toyota kina herufi tatu zinazorudi kila baada ya kurasa chache: SST. Maana yake ni zana maalumu, na kila moja ina namba yake ndefu. Kuna ya kushikilia puli ya krenki isizunguke unapofungua bolti, kuna ya kuivuta puli itoke. Yule fundi anakijua kitabu hicho. Anayo nakala ya kurasa kadhaa, imelowa oili hadi imekuwa laini kama kitambaa. Ukurasa wenye picha ya kivutio cha puli umechorwa pembeni kwa kalamu ya wino, na mchoro huo ni wa kitu kingine: kipande cha chuma bapa chenye matundu mawili na bolti mbili ndefu. Puli za aina hiyo zina matundu yenye nyuzi usoni. Unapitisha bolti mbili kwenye chuma bapa, unazikaza kwenye matundu yale, halafu unasukuma katikati, na puli inatoka taratibu bila kupigwa nyundo. Kazi ni ileile ya kwenye picha. Tofauti ni kwamba hiki kilikatwa kutoka kwenye kitanda cha chuma.

Bolti ya krenki ndiyo inayotisha zaidi, maana imekazwa kwa nguvu ambazo mkono mtupu hauna. Fundi anaingiza gia kubwa, anamweka kijana ndani akanyage breki kwa uzito wake wote, anachomeka bomba la urefu wa mita moja kwenye mpini wa spana, na anasukuma. Bolti inalia mara moja kama mlango wa kanisa. Wapo wanaotumia njia ya mkato: spana inaegemezwa kwenye chesesi na ufunguo unapigwa ili stata ya gari ndiyo ifungue bolti. Yeye haruhusu hilo uani kwake. Anasema spana ikiteleza haichagui mtu.

Lakini yote hayo yanafanyika baada ya jambo la kwanza, ambalo ndilo hasa kazi yenyewe. Kabla mkanda wa zamani haujaguswa, injini inazungushwa kwa mkono mpaka alama za kiwandani, vijichoro vidogo kwenye puli ya krenki, ya kamshafti na ya pampu, zikae mahali pake. Halafu anatoa tipeksi, ileile ya wanafunzi, na kuweka nukta nyeupe: moja kwenye jino la puli, nyingine kwenye mkanda mkabala na jino hilo, nyingine kwenye mwili wa injini. Anafanya hivyo kwenye puli zote tatu. Kisha anahesabu meno ya mkanda kutoka nukta hadi nukta, kwa sauti, na kijana anarudia hesabu. Mkanda ukitoka, unalazwa mkekani kandokando ya mpya na nukta zinahamishwa kwa kuhesabu upya. Hapo ndipo mpya unapoingia.

"Unaweka alama kabla ya kufungua," aliniambia. "Ukishafungua, mwanangu, hakuna alama tena. Kuna kubahatisha."

Na haishii hapo. Mkanda ukishakaa, bolti za kirola cha kukazia zinalegezwa ili springi yake ivute yenyewe, na krenki inazungushwa kwa spana mizunguko miwili kamili, polepole, kuelekea upande inakozunguka injini ikiwaka. Kukiwa na kosa, utalisikia mkononi kabla halijawa hasara: spana itagota, maana valvu imekutana na pistoni kwa upole. Isipogota, unaangalia kama alama za kiwandani zimerudi mahali pake. Zikirudi, unakaza. Ufunguo haugusiwi mpaka hapo. Nilimwona akiirudia mizunguko hiyo mara tatu kwa gari ambalo mwenyewe alikuwa amesimama pembeni akitazama saa.

Mkanda wa aina hii si kitu cha kale. Mikanda ya mpira yenye meno ilibuniwa Marekani katika miaka ya 1940, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kwenye cherehani, kuhakikisha sindano ya juu na bobini ya chini hazipishani. Ukiwatazama mafundi cherehani wa barazani Ujiji utaelewa mara moja kwa nini wazo hilo lilihamia kwenye injini. Kampuni ya Ujerumani ya Hans Glas iliutia kwenye gari dogo lililoitwa Glas 1004 mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Fiat wakafuata mwaka 1966 kwa injini iliyosanifiwa na Aurelio Lampredi. Kabla ya hapo ilikuwa cheni au gia za chuma. Mpira ni mwepesi, hauna kelele, hauhitaji oili, na ni rahisi kutengeneza. Gharama yake ni ile taa: mpira unazeeka, na hauoneshi uzee wake mpaka siku unapokatika.

Kwa hiyo ufundi wa Gungu, ukiutazama kwa jina lake, ni mpya. Haufikii hata umri wa uhuru wetu kwa tofauti kubwa. Lakini utaratibu wenyewe, wa kuweka alama, kufungua, kuhifadhi, kufunga tena mbali na karakana na kuzungusha kwa mkono kabla ya kuwasha, una historia ndefu zaidi katika ufukwe huu. Naweza kusema hivi bila kutia chumvi: kwa muda mrefu, hakuna chombo chochote cha chuma kilichofika Ziwa Tanganyika kikiwa kizima.

Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alifika Ujiji na mashua iitwayo Lady Alice. Ilikuwa imetengenezwa Uingereza kwa namna ya kukatwa vipande, na kutoka Bagamoyo ilisafiri mabegani mwa wapagazi. Miaka saba baadaye, 1883, Edward Hore wa London Missionary Society aliingia Ujiji na mashua ya chuma, Morning Star, ikiwa vipandevipande juu ya mikokoteni iliyoburutwa na watu kutoka pwani. Iliungwa hapohapo ufukweni. Mwaka 1885 ikafuata Good News, meli ya mvuke ya wamisionari haohao, iliyopitishwa njia ndefu zaidi: Zambezi, Shire, Ziwa Nyasa, kisha nchi kavu hadi kusini mwa Tanganyika, na huko ikaungwa na kushushwa majini. Kila kimoja kati ya vyombo hivyo kilibebwa kama fumbo. Bamba likipotea njiani, au alama yake ikifutika kwa mvua, mtu aliye Ujiji hawezi kuandika barua na kusubiri jibu la miezi kadhaa. Anatazama matundu ya ribiti, anajaribisha, anachonga.

Kisa kikubwa kuliko vyote ni cha Kigoma yenyewe, na kila mtoto wa mji huu anakijua kwa jina la MV Liemba.

Mwaka 1913, katika kiwanda cha Meyer huko Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, ilijengwa meli ya mvuke yenye urefu wa mita zaidi ya 70. Ilipewa jina la Graf von Götzen, gavana wa zamani wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. (Ni huyohuyo aliyekuwa gavana Vita vya Majimaji vilipoanza mwaka 1905, na ambaye chini yake mashamba na maghala ya kusini yalichomwa mpaka njaa ikaua kuliko risasi. Watalii wanaoipiga picha meli hii kwa kawaida hawasimuliwi hilo.) Pale Papenburg meli ilifungwa kwa bolti tu, ikakaguliwa, kisha ikafunguliwa yote na kufungashwa katika masanduku kama 5,000. Masanduku yakaenda kwa meli hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo kwa reli ya kati, ambayo ilikuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914.

Hebu fikiria hali ya ufukwe ule mwaka huo. Karakana kamili haipo. Hiyo nayo inabidi ijengwe kwanza, pamoja na mahali pa kuiwekea meli. Kuna masanduku 5,000, vita vya dunia vimeanza mwezi wa Agosti, bahari imefungwa na Waingereza, na kitakachokosekana sandukuni hakitaletwa. Ndivyo ilivyoungwa, bamba kwa bamba, safari hii kwa ribiti za moto na si bolti. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915.

Kazi hiyo kumbukumbu zinaihusisha na watu watatu kutoka Papenburg: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Walikuwa mafundi stadi, sina ubishi na hilo. Ila meli ya urefu ule ina ribiti zisizohesabika, na kila ribiti inahitaji mtu wa kuichoma motoni, wa kuirusha, wa kuidaka, wa kuishikilia kwa ndani na wa kuipiga kwa nje kabla haijapoa. Watu watatu hawaungi meli. Walikuwepo mafundi wa Kihindi, na walikuwepo Waafrika wengi sana, wanaojitokeza kwenye masimulizi kama idadi na hata idadi yenyewe hubadilika kutoka mwandishi mmoja hadi mwingine. Sijakutana na jina la hata mmoja wao. Nimesoma, kwa upande mwingine, mambo mengi kuhusu tabia za Geoffrey Spicer-Simson, yule afisa wa Kiingereza aliyeburuza boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kupitia Katanga ili kupigana na Wajerumani ziwani. Tunajua hata mavazi aliyopenda kuvaa.

Boti hizo zilifanya kazi yake. Zilimteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann tarehe 9 Februari 1916. Götzen yenyewe, iliyowekewa mzinga wa milimita 105 ulionusurika kutoka manowari ya Königsberg, haikuzamishwa na adui. Mzinga uliondolewa kwenda kusaidia mahali pengine na pakawekwa wa mbao wa kutishia. Majeshi ya Wabelgiji yalipokaribia Kigoma na reli ikawa inakatika, amri ikatolewa meli izamishwe, isiangukie mikononi mwao.

Hapa ndipo napenda kukaa muda mrefu kidogo, kwa sababu kuna njia nyingi za kuzamisha meli na iliyochaguliwa si ya kawaida. Ungeweza kuilipua. Ungeweza kuvunja mashine kwa nyundo, ndivyo majeshi yanavyofanya. Badala yake injini zilipakwa grisi nzito kila mahali, vyumba vikajazwa mchanga, na tarehe 26 Julai 1916 meli ikashushwa chini taratibu, karibu na ufukwe, mahali ambapo maji hayakuwa na kina cha kuizuia isiopolewe. Hiyo ni kazi ya mtu anayetarajia kuifungua tena. Grisi inazuia maji na hewa kufika kwenye chuma, na ziwa hili lina faida moja ambayo bahari haina: maji yake hayana chumvi.

Wanaosimulia kisa hiki husema Rüter na wenzake ndio waliopaka grisi. Inawezekana walitoa wazo na walisimamia. Lakini kupaka grisi mashine mbili za mvuke, boila, mabomba, fani na kila kona ya chumba cha injini, kisha kubeba mchanga wa kutosha kuishusha meli nzima, kunasimuliwa kana kwamba mikono sita ilitosha.

Waliotarajia kurudi hawakurudi. Wabelgiji waliiopoa vita vilipoisha, na ikazama tena kwenye dhoruba mwaka 1920. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924. Walipofungua chumba cha injini, wakakwangua matope na grisi iliyokauka, walikuta mashine na boila bado vinafaa. Wakatengeneza kwa miaka kadhaa, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa kama lilivyosikika upande wa kusini. Kwa hiyo grisi ya Mjerumani ilimnufaisha Mwingereza aliyekuwa adui wake, na baadaye ikatunufaisha sisi, ambao hakuna aliyekuwa anatufikiria. Chuma hakijui kimehifadhiwa kwa ajili ya nani.

Nilipomweleza fundi wa Gungu habari za grisi, hakushangaa jinsi nilivyotarajia. Aliniuliza swali ambalo katika miaka miwili ya seminari hakuna aliyewahi kuniuliza: walijuaje valvu na pistoni viliachwa katika hali gani? Yaani, mashine iliyosimama miaka minane huiwashi. Unaizungusha kwanza kwa mkono, nusu duara, unasikiliza. Nilirudi kwenye maandiko yangu kutafuta, na nilichokuta ni tarehe ya kuopolewa na tarehe ya kuanza safari. Kati ya tarehe hizo kuna miaka mitatu, na ndani yake kuna kazi yote ambayo yeye alitaka kuijua.

Jambo hili limebadilisha namna ninavyosoma nyaraka. Historia ya teknolojia katika nchi zetu imeandikwa zaidi kama historia ya kuwasili: reli ilifika mwaka fulani, meli ilishushwa tarehe fulani, umeme uliwashwa na mheshimiwa fulani. Kuwasili kuna hotuba na picha. Matengenezo hayana. Lakini Liemba iliwasili mara moja tu, mwaka 1915. Miaka yote baada ya hapo ni matengenezo. Katika miaka ya 1970 mvuke wenyewe uliondolewa na zikafungwa injini za dizeli, na zile mashine zilizookolewa na grisi zikatoka. Meli haikuacha kuwa Liemba kwa sababu hiyo. Mwaka 1997 ilikuwa moja ya meli zilizowarudisha makwao wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000, yenyewe ikifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira. Mwaka 2015 ilitumika tena kuwatoa Warundi waliokuwa wamejaa kijiji cha Kagunga, mpakani, ambako barabara ya maana haikuwepo. Ilikuwa meli ya karne moja, yenye nafasi ya abiria 600 hivi, na kila safari kuna mtu chini aliyekuwa anasikiliza injini.

Wakimbizi wanaturudisha kwenye ile taa ya T-BELT. Baada ya mauaji ya Burundi mwaka 1993 na vita vya Kongo vilivyoanza 1996, mkoa wa Kigoma ulijaa mashirika ya misaada, na mashirika yalikuja na Land Cruiser nyeupe. Nyingi zilikuwa na injini ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, dizeli, maarufu kwa kutokufa. Hiyo nayo ina mkanda wa taimingi unaozungusha kamshafti. Barabara za Kasulu, Kibondo na Nyarugusu zilikuwa za vumbi jekundu kwa miaka mingi, na vumbi likipita kwenye kifuniko kilichopasuka, mkanda hausubiri kilomita zake. Magari hayo yalihudumiwa kwenye karakana zenye geti na mlinzi, na vijana wa Kigoma waliajiriwa humo kuosha vipuri na kushika tochi. Ofisi zilipofungwa, magari yaliyochoka yaliuzwa. Geti likafungwa, ujuzi ukahamia chini ya miembe.

Fundi wa Gungu alishika tochi katika karakana ya namna hiyo kwa miaka minne. Anasema hakuwahi kuruhusiwa kufunga mkanda hata mara moja. Alikuwa anahesabu meno kimoyomoyo huku akimulika.

Sasa niseme jambo ambalo huenda halitampendeza kila msomaji. Kuna mtindo, hasa kati yetu tuliosoma, wa kumtazama fundi wa namna hii kwa macho ya sherehe: ubunifu wa Mwafrika, kufanya mengi kwa kidogo, na maneno kama hayo yanayofaa kwenye mabango ya makongamano. Mtindo mwingine, wa zamani zaidi, unamwita kanjanja. Yote mawili yanamkosea kwa namna moja, maana yote hayatazami anachofanya. Kivutio cha chuma cha kitanda si ushujaa. Kama angekuwa na kile cha namba angekitumia, na mgongo wake ungeuma kidogo. Mkanda bandia unaouzwa kwenye boksi linalofanana na la kweli hauwezi kufidiwa na ustadi wowote, na nimeona hedi ya 3L ikiwa na valvu nne zilizopinda kwa sababu ya mkanda kama huo, kilomita chache nje ya Mwandiga. Mwenye gari alikuwa analipia mkopo. Upungufu wa zana una bei, na mara nyingi wanaoilipa si wanaousifia.

Kilicho cha thamani ni ule utaratibu. Nukta za tipeksi ni kipimo sahihi kama kifaa chochote cha kiwandani, alimradi aliyeziweka amehesabu. Mizunguko miwili kwa mkono ni jaribio kamili. Ni sayansi ile ya Papenburg: funga kwa bolti, kagua, tia alama, fungua. Tofauti ni kwamba Papenburg iliacha jumba la kumbukumbu na majina matatu.

Utaratibu huo nao hauna uhakika wa kudumu. Magari yanayoingia Kigoma siku hizi ni IST, Probox na Vitz, ambayo injini zake zinatumia cheni iliyofichwa ndani ya oili, na cheni haina taa wala kilomita 100,000. Vijana wanaojifunza sasa wanaweza kupita miaka bila kuhesabu meno. Liemba yenyewe ilisimama kwa miaka ikisubiri ukarabati mkubwa, na kila ninapouliza ni nani anajua mabomba yake kwa kichwa, natajiwa wazee, na orodha ni fupi. Baadhi yao nimeanza kuwarekodi. Wengi wanaanza kwa kuniambia hawana la kusema, kwamba wao walikuwa wanapaka grisi tu.

Kabla fundi hajarudisha kifuniko cha plastiki cha ile Hilux, alikigeuza anioneshe upande wa ndani. Kwa kalamu nene kulikuwa na mistari mitatu ya maandishi, kila mmoja kwa mwandiko wake. Kila mstari ulikuwa na tarehe na kilomita. Wa kwanza ulikuwa umefifia hadi karibu kutoonekana, na mmoja ulikuwa na maneno ya ziada: meno yamehesabiwa. Yeye aliandika wa nne chini yake, tarehe na kilomita. Nilimuuliza mbona haandiki jina lake. Alisema nafasi ni ndogo, na atakayefungua baadaye anahitaji kilomita.

Alimpa kijana kifuniko akirudishe. Nilimwomba asubiri kidogo, nikakipiga picha.